Chumba cha Kujipimia

Duka la Mwambingu lilikuwa mahali ambapo mtu hawezi kulikosa. Ukishuka kwenye gari-moshi hapo stesheni ya Voi ukashika njia ya sokoni, lilikuwa mkono wako wa kushoto: baraza la saruji, milango miwili ya mbao, na ubao uliopakwa rangi nyeupe, MWAMBINGU NA WANAWE, NGUO ZA KILA NAMNA. Watu wa Sagalla na Mbololo, vibarua wa mashamba ya mkonge, hata waliokuja kwa treni kutoka Taveta na Mata, walipotaka shati la Krismasi au gauni la arusi, walijua pa kwenda.

Josephat Mwambingu hakulirithi. Alijifunza kushona kwa wamisheni kule Wusi, akateremka Voi na cherehani yake begani, akaketi miaka kumi na mmoja kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja akiwashonea watu wa reli suruali za kaki. Mwaka wa arobaini na tisa yule Mhindi akahamia Mombasa kuwafuata wanawe, akamwachia Josephat duka. Vipi fundi wa barazani akawa mwenye duka, hilo Voi hawakulimaliza kulisema. Wengine walisema Mhindi alipendezwa na uaminifu wake. Wengine walisema alimroga.

Mkewe, Wakesho, ndiye aliyepima wanawake. Futi shingoni, pini mdomoni, nyuma ya duka kwenye pembe iliyozibwa kwa magunia. Alijua kiuno cha kila mke wa mwalimu na wa karani, na alijua mengi kuliko viuno, maana mwanamke anayepimwa husema. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa shaka tangu usichana. Ukimpa mkono wa kulia, aliutazama wa kushoto.

Mwaka wa hamsini na tano, Fanuel, kifungua mimba wake, alioa. Akamwoa Nthambi binti Kilonzo, ambaye baba yake alikuwa nyapara wa gengi la reli pale Maungu.

"Mkamba," Wakesho alimwambia mumewe. "Wasichana wa kwetu, wa Kidawida, wameisha?"

"Anajua kushona," Josephat akajibu, na kwake hilo lilitosha.

Kujua, Nthambi alijua. Alikuwa amekaa Mombasa miaka mitatu kwa mama mmoja Mgoa, fundi wa magauni, na alirudi na mikono myepesi na mawazo mapya. Hakuwa amemaliza miezi sita kwa wakwe zake alipoagiza kioo. Kilikuja kwa treni kimefungwa mablanketi, kirefu kuliko mtu, kikabebwa na wanaume wanne kutoka stesheni huku watu wakitoka madukani kujitazama kikipita. Fanuel akajenga chumba kidogo cha mbao pembeni mwa duka, karibu na kijistoo cha kupigia pasi, kikatiwa pazia la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Mwanamke angeingia, avue, avae, ajitazame kuanzia utosini hadi vidoleni bila jicho la mtu.

Wanawake wakakipenda chumba kile kama kanisa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona kichwa chao na miguu yao kwa wakati mmoja. Wakawa wanafika barazani na kuuliza, "Nthambi yupo?" Wakesho akiwa papo hapo, futi shingoni.

Kisha ikatokea siku ya Mable. Mable alikuwa mke wa karani wa mkonge, mwanamke mwembamba mwenye kucheka. Ilikuwa mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, siku ya joto la kukaushia nyama. Aliingia kujaribu gauni jeupe la poplini lililokuwa bado na pini, akakaa, akakaa zaidi, kisha wakasikia kishindo. Nthambi alimtoa mle amelegea kama kitambaa kilicholoweshwa, na kwenye ubavu wa gauni palikuwa na tone la damu pini ilipomchoma. Wakamketisha barazani, wakampa maji, akapata nguvu, akaona haya, akacheka. Fanuel akamsindikiza kwake. Gauni likabaki kwenye kabati bila kumaliziwa.

Siku hiyo hakuna aliyeliona kuwa jambo.

*

Mwezi wa nane Wakesho aliona kitu asichokipenda. Mke wa mwinjilisti alikuwa akija upande wao na wasichana wake wawili. Alipokaribia baraza aliwashika mikono, mmoja huku, mmoja huku, akavuka barabara, akapita ng'ambo akitazama chini kama apitaye makaburini. Akiisha kulipita duka, akavuka tena akarudi upande ule ule.

Juma lile wanawake wawili tu waliingia. Juma lililofuata, hakuna. Wanaume walikuja kuchukua kaki zao, lakini walisimama mlangoni. Mmoja aliomba shati lake aletewe nje. Josephat, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, alidhani watu wanangojea mavuno. Fanuel aliinamia cherehani. Nthambi alipangusa kioo kila asubuhi kama kawaida, na asubuhi moja Wakesho alimkuta amesimama mbele yake bila kupangusa, amekiegemeza kiganja kwenye kioo, anajitazama tumbo.

Wakesho akaenda sokoni kwa Lois, muuza ndizi kutoka Taveta, mtu waliyejuana miaka mingi. Lois alizifunga ndizi katika jani, akaziweka juu ya gunia, akazisukuma kwa kijiti mpaka upande wa Wakesho. Hakutaka mikono yao iguse.

"Lois," Wakesho alisema, "nina ukoma?"

"Hapana, mama Fanuel."

"Basi niambie."

Lois aligeuka kulia na kushoto. "Mimi nasikia tu. Wanasema dukani kwenu mna mumiani."

Wakesho alicheka. Lois hakucheka.

"Wanasema nyuma ya kile kioo kuna mlango. Mwanamke akijitazama anapumbazwa na sura yake, mkono unatoka na sindano. Damu inatiwa chupani, inakwenda na treni. Baba yake yule msichana si mtu wa reli? Na lile gari jeupe lililokuja mkongeni kuwaomba watu damu, mnadhani lilijuaje njia? Mable mwenyewe alitolewa mle mfu, mama. Mfu. Na damu ubavuni."

"Mable yu hai. Nilimpa maji kwa mkono wangu."

"Yu hai," Lois alikubali, "lakini amekonda."

Mable alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Wakesho alilijua hilo. Alirudi nyumbani na ndizi zake, na kila hatua aliyopiga alilitema neno lile, na kila alipolitema lilirudi. Kioo kilitoka Mombasa. Nani katika nyumba ile alimwona aliyekiuza? Na Alhamisi? Kila Alhamisi Nthambi alitoka na kikapu kilichofunikwa, akisema anakwenda kutafuta uzi, na Voi nzima haina uzi wa kutafutwa hadi saa kumi.

Mchana ule watu walipokwenda kula, aliingia peke yake chumbani na kukivuta kioo kutoka ukutani. Nyuma yake palikuwa na mbao, utando wa buibui na msumari mmoja. Aligonga mbao kwa kifundo. Hakukuwa na mlango. Akakirudisha kioo mahali pake, na alipokuwa akitoka aliwaza kwamba mlango uliofichwa vizuri ndio hasa usioonekana.

Alhamisi akamfuata. Nthambi alipita soko, akapita msikiti, akaenda mpaka dispensari, wala hakuingia kwa mlango wa mbele walikopanga foleni wagonjwa. Alizunguka nyuma. Wakesho akasimama kwenye ua wa minyaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mkwewe alipotoka alikuwa na chupa ndogo iliyofungwa gazeti, akaitia chini kabisa ya kikapu, akaifunika.

Dispensari, Wakesho alijiambia, ndiko sindano ziliko.

Siku ya pili yake, Nthambi akiwa kisimani, alifungua sanduku lake. Aliinua mablanketi, akainua leso za arusi, akafika chini. Palikuwa na kifurushi cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya amerikani vilivyokunjwa vizuri, vimefuliwa, lakini damu haifuliki ikaisha. Madoa yalikuwa yamebaki, makubwa, ya rangi ya kutu.

Mwanamke aliyezaa wanne alipaswa kuijua damu ile. Lakini shaka ikishamshika mtu humwongoza macho, na Wakesho aliona alichokuwa akikitafuta.

Hakungoja. Alivibeba vile vitambaa hadi dukani, akavitupa juu ya meza ya kukatia nguo mbele ya mumewe na mwanawe, na Nthambi alipoingia na mtungi kichwani akavikuta pale.

"Tuambie," Wakesho alisema. "Damu ya nani?"

Nthambi aliutua mtungi. Hakumwangalia mama mkwe wake, alimwangalia Fanuel. Fanuel aliviangalia vitambaa, akamwangalia mkewe, akaiangalia sakafu.

"Fanuel," Nthambi aliita.

"Mama anauliza," Fanuel alisema kwa sauti ndogo. "Mjibu tu."

Basi hapo ndipo uso wa Nthambi ulipojifunga. Alivikusanya vitambaa kimoja kimoja, akavikunja jinsi vilivyokuwa.

"Mwaitu," alisema, maana tangu siku ya kwanza alimwita Wakesho kwa jina alilomwita mama yake mzazi, "siku moja utajua ulichokishika mkononi."

Treni ya alasiri ilipopita kwenda Mombasa, alikuwemo. Maungu si mbali. Fanuel alimfuata Jumapili, akarudi peke yake. Akamfuata tena, akarudi peke yake.

*

Wakesho alidhani mambo sasa yatatulia. Badala yake yalizidi. "Wamemfukuza," watu walisema sokoni. "Lisemwalo lipo." Sasa hata wanaume waliacha kuja. Mtu alichora msalaba kwa mkaa kwenye mlango. Josephat akafunga mlango mmoja kati ya ile miwili, na jioni akaketi barazani alipoketi miaka kumi na mmoja, akitazama njia ya stesheni.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka, "neno halizaliwi bila mama. Mimi ni mzee na masikio yamekufa. Wewe unayajua maneno ya wanawake. Nenda ukamtafute aliyelizaa hili, umlete hapa nimwone."

Wakesho alilipokea agizo lile kwa moyo mmoja. Moyoni alishajua atakakoishia: kwa Wakamba, kwa mtu wa Nthambi mwenyewe aliyeropoka siri. Alijifunga leso kiunoni akaanza.

Lois alisema ameyasikia kwa Mable. Basi Wakesho akaenda mkongeni, kwenye nyumba za makarani. Mable alifungua mlango kwa upana wa kiganja.

"Mimi niliona kizunguzungu tu, mama," alisema kupitia ufa ule. "Joto, na harufu ya makaa ya pasi kutoka kwenye kile kijistoo. Nilipoamka nilimwona Nthambi ananipepea kwa karatasi na machozi yanamtoka. Sikujua kama nimefanyiwa kitu."

"Ulijulia wapi?"

"Kwa Tryphena. Alinikuta sokoni juma lile lile, akanivuta pembeni, akanifunua ubavu. Akasema, ona, hapa ndipo ilipoingia."

"Ilikuwa pini!"

"Hata mimi nilisema pini." Mable alishusha macho. "Lakini Tryphena ni rafiki yako, mama Fanuel. Akishuka na mboga zake analala kwako. Nikawaza, huyu ameyatoa ndani."

Wakesho alirudi barabarani. Tryphena! Waliwekewa mikono pamoja kanisani wakiwa wasichana. Walishika mimba ya kwanza mwaka mmoja. Njia nzima ya kurudi alizikumbuka mboga zote alizozipokea kwake, na kila kabichi sasa ilikuwa na sumu. Kesho yake alipanda lori la kwenda milimani, akakaa juu ya magunia ya chumvi, na lilipokuwa likikwea zile kona za kuelekea Mbale alikuwa akipanga maneno atakayomwambia, makali, moja baada ya jingine.

Alimkuta shambani, kwenye ukungu, amejifunika gunia mabegani, anapalilia viazi. Tryphena alipomwona aliangusha jembe kwa furaha. Wakesho hakumpa mkono.

"Nani alikuambia dukani kwangu kuna mumiani?"

Furaha ilimtoka Tryphena usoni polepole. "Wanijaribu?"

"Sikujaribu. Nataka jina."

"Wakesho, usinifanyie hivyo. Tuko wawili tu hapa."

"Jina, Tryphena."

"Ni wewe."

Ukungu ulikuwa ukipita kati yao. Wakesho alidhani hakusikia vizuri.

"Siku ile Mable alipoanguka," Tryphena akasema. "Nililala kwako. Tuliketi jikoni kabla ya chakula tukimenya mbaazi. Ukasema, 'Yule Mkamba na kioo chake. Kila anayeingia mle anatoka amepungua. Leo katolewa Mable kama aliyenyonywa damu.' Nikakuuliza, 'Kweli?' Ukanyamaza, ukatikisa kichwa hivi. Nikajua unanionya bila kumtaja mtoto wako. Nami nikawaonya wengine. Si ndivyo ulivyotaka?"

Akayasema maneno yale kwa sauti ya Wakesho, na mkato wake, na kule kutikisa kichwa. Na Wakesho akaliona jiko lile: ungo magotini, maganda miguuni, uchungu wa mchana kutwa wanawake wakimpita na kuuliza, "Nthambi yupo?" Hakumaanisha kitu. Alitaka tu mtu mmoja duniani akubaliane naye kwamba kioo ni upuuzi. Neno lile lilitoka likazunguka Voi nzima, na liliporudi kwake limevaa nguo nyingine hakulitambua. Alilikaribisha kama mgeni, akaliamini kuliko wote.

Wakesho akaketi kwenye tuta la viazi.

"Kumbe hukumaanisha?" Tryphena aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliogopa.

Wakesho aliinuka, akaenda kulitafuta lori la kushuka Voi.

*

Alimwambia Josephat yote siku ile ile, amesimama, kwa sauti kubwa ili asilazimike kuyarudia. Fanuel alikuwapo. Josephat alikuwa akikunja jora la drili. Akalikunja mpaka mwisho, akalipiga vumbi, akaliweka juu ya rafu.

"Treni ya Mombasa inapita kesho saa tisa," alisema.

Pale Maungu, Kilonzo alikuwa nje ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ananoa panga. Alimpa Wakesho kigoda, akampa maji, maana mgeni ni mgeni, kisha akamwuliza, "Mama Fanuel, umekuja kumchukua, au kuna kosa jingine limeonekana?"

"Nimekuja kusema langu."

Nthambi alitoka. Alikuwa amekonda. Hakuketi. Wakesho alisema mbele ya wote wawili, akaanza na jiko na mbaazi, akamaliza na sanduku, na hakujipunguzia. Kilonzo aliacha kunoa.

"Umemaliza?" Nthambi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa nisikilize na mimi. Vile vitambaa vilikuwa mtoto wangu. Wa pili. Wa kwanza alitoka Aprili, huyu Julai, hata tumbo halijaonekana. Mkunga wa dispensari ananipa dawa Alhamisi, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu nilimwomba, nisionekane kwenye foleni. Nilitaka kuvizika. Katika ua ule wako wote, mama, niambie ni wapi ningeweza kuchimba kishimo usinione."

Wakesho aliona tena mikono yake ikivitupa vitambaa vile juu ya meza ya kukatia nguo.

"Fanuel anajua?" aliuliza mwishowe.

"Fanuel alikuja mara mbili kuniambia nirudi. Hakuuliza kitu. Mtu asiyeuliza, utamjibu nini?"

Treni ya mizigo ilipita, ndefu, na wote watatu wakangoja iishe. Kisha Wakesho alipiga magoti pale kwenye kokoto za reli, naye alikuwa mwanamke mzito, mwenye magoti mabovu.

"Inuka," Nthambi alisema. "Hapa hakuna wa kukuona. Ulilisema Voi, kaliseme Voi. Sokoni, siku ya watu. Nikisikia limesemwa, nitafikiri. Siahidi."

Kilonzo alimshika mkono akamwinua, kwa upole, lakini hakumtetea.

Wakesho alilisema. Siku ya soko, katikati ya ndizi za Lois na mahindi ya Wakamba, alipanda juu ya sanduku la mbao, futi shingoni, akataja jina lake na la mumewe kana kwamba hawamjui. Akasema hakuna mumiani, hakuna mlango, kuna ulimi wake tu. Akasema mkwewe amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni yeye. Hakusema habari za vitambaa. Hizo hazikuwa zake za kusema.

Kulikuwa na manung'uniko. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walicheka. Mke wa mwinjilisti alilia. Lakini palikuwa na mwanamke mmoja mnene, mgeni, aliyesema kwa sauti ya kusikika, "Wamemlisha yamini huyu. Mumiani akijulikana ndivyo husema." Na Wakesho aliona vichwa kadhaa vikiitikia, akaelewa kwamba neno ni kama moto wa nyika: aliyeuwasha hana mamlaka ya kuuzima.

Nthambi alirudi baada ya majuma matatu. Fanuel ndiye aliyekwenda, safari hii akauliza, akakaa Maungu siku mbili akisikiliza. Aliporudi naye, jambo la kwanza Nthambi alilofanya ni kuitoa pasi ya makaa na jiko lake kwenye kile kijistoo, akavipeleka nyuma ya ua, kwenye upepo. Alikuwa amelisema hilo tangu mwezi wa tano. Kichwa kilimwuma kwa hewa ya makaa kila akikaa mle, na hakuna aliyemsikiliza. Josephat akapendekeza basi na pazia liondolewe, watu waone hakuna siri.

"Pazia litabaki," Nthambi alisema. "Wanawake hawatavua nguo mbele ya barabara kwa ajili ya uongo."

Likabaki. Na wa kwanza kuingia alikuwa Mable, aliyekuja asubuhi moja bila mtu kumwita, akasema kwa haya kwamba ana gauni lake hapa. Alikaa mle muda mrefu. Barazani walikusanyika watu kama kumi, wakijifanya wanangoja kitu kingine. Alipotoka amevaa poplini yake nyeupe, alizunguka mara moja, na mtu mmoja akapiga kigelegele.

Biashara ilirudi kidogo kidogo, kama maji kisimani baada ya kiangazi. Mwaka wa hamsini na nane walianza kushona sare za shule. Nthambi alipata mtoto wa kike mwaka huo, akazaliwa hai na mwenye sauti, na Wakesho hakuingia chumba cha uzazi mpaka alipoitwa. Aliitwa siku ya tatu. Walikuwa wakifanya kazi meza moja, yeye na mkwewe, wakipeana mkasi na chaki. Walisemezana kwa adabu, wakati mwingine walicheka. Ulikuwa ukaribu wa watu wawili wanaojua ni wapi pasipoguswa.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa alikuja mwanamke kutoka Kasigau. Alikuwa ametembea siku nzima na kudandia lori, miguu yake imejaa vumbi jekundu. Alisimama chini ya baraza, hakupanda. Alitoa kamba ya katani yenye mafundo.

"Ni ya binti yangu," alisema. "Fundo la kwanza ni kifua, la pili kiuno, la tatu urefu. Anaolewa. Nishonee, mimi nitangoja hapa nje."

"Ingia ukae, mama," Wakesho alimwambia. "Jua kali."

"Hapa panatosha."

Wakesho alimwelewa. Alishuka ngazi mpaka alipokuwa amesimama yule mama, akaipokea kamba, akamweleza. Miaka mitatu sasa alikuwa ameyaeleza maneno yale kwa watu wengi, na hayakuwa mepesi. "Yale mliyoyasikia huko Kasigau niliyasema mimi. Yalikuwa uongo. Mimi ndiye niliyeyazua."

Mwanamke alimtazama usoni, akaitazama futi iliyomning'inia shingoni, akatazama ndani ya duka penye giza na pazia.

"Nimesikia, mama," alisema kwa heshima. Akavuta hatua moja nyuma, kivulini mwa duka la jirani, akaketi juu ya kifurushi chake.

Nthambi alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alinyoosha mkono, akaichukua ile kamba kutoka kwa mama mkwe wake, akainyoosha juu ya meza na kuyapima mafundo moja moja kwa futi.

"Kiuno chembamba huyu binti," alisema. "Tumwongezee kidogo mshononi, kamba hunywea. Mama, nishikie huku."

Wakesho akaja akashika upande wa pili.